Pindo la Bukta

Mchana nashona mapazia ya karavani kiwandani,
usiku nakunja bukta ya mwanangu:
vidole vinne juu, sindano, uzi mweusi.
Ndiyo saizi ya mwisho, walisema dukani, ndogo zaidi hakuna,
na bado ilimvuka magoti
akatembea nayo kama aliyeazima sketi,
na wenzake, ambao sauti zimekwisha kuwavunjika,
wakamcheka vicheko vya wanaume.

Miaka kumi na mitatu, Bisimwa.
Kocha Garside si mtu mbaya.
Alinipa chai katika kikombe cha karatasi,
akasema, "Mlete akikua."
Kana kwamba yule mrefu nimemficha nyumbani.

Dada yangu akapiga simu kutoka Bukavu:
mwambie pilipili ni ndogo, lakini ukiitafuna!
Mtoto akajibu toka chini ya blanketi,
"Mama, sitaki kuwa pilipili.
Nataka kuwa winga."

Basi akautafuta ukuta.
Nyuma ya gereji iliyofungwa, hapa Hull,
ambako upepo wa mto Humber huingia bila hodi.
Du, ukamrudia. Du, ukamrudia.
Mguu wa kushoto mia, wa kulia mia,
mvua ikinyesha ubavuubavu, ndivyo ipendavyo mvua ya huku.
Bi Ogley wa jirani akagonga kioo kwa pete yake:
Kelele!
Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Ya tisa.
Novemba Bisimwa akalala na homa siku tatu.
Ya nne, Bi Ogley huyo mlangoni,
ameshika pai ya tufaha kwa kitambaa cha jikoni:
"Mbona kimya? Usingizi wangu wa alasiri haunijii."

Sitasema alirefuka. Fremu ya mlango itanisuta:
mistari ya penseli, wa Januari, wa Aprili, wa Agosti,
imelaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa.
Kocha alimpa nafasi benchini, kwa huruma nadhani,
naye huko benchini akawa hatazami watu.
Alitazama mpira tu.
Siku moja akaniambia, mdomo umejaa wali,
"Kona ikipigwa, wote wanaruka.
Mimi siruki. Niruke niende wapi?
Nasimama pale utakapoangukia."

Machi, wakaja vijana wa Goole,
vifua kama milango ya stoo.
Callum akateguka nyonga. Garside akatazama benchi,
akatazama mawingu,
akatazama benchi tena.

Mara ya kwanza walimkumba akapeperuka kama karatasi ya chipsi.
Mara ya pili vivyo hivyo, na mimi nikauma skafu.
Mara ya tatu mguu ulipofika
yeye alikwisha kuondoka.

Kisha kona. Vichwa saba vikapanda,
viwiko, mabega, mtu akipiga kelele yangu! yangu!
na chini kule, katika msitu wa soksi,
nikamwona mmoja ametulia
kama anayesubiri basi ambalo saa yake anaijua.
Mpira ukagusa bega la nani sijui, ukashuka.
Du.

Mlio ule ule. Ila safari hii haukurudi.

Tulifungwa tatu kwa moja. Naliandika hili
asije mtu akanizulia kombe.
Bi Ogley, chini ya mwavuli wake, alipigia makofi timu zote mbili.
Garside akakusanya koni zake, akapita karibu yetu:
"Jumanne, saa kumi na mbili."
Habari ya kukua hakuigusa.

Usiku nimeifua bukta, tope la Goole likaenda na maji.
Uzi wa pindo ulikuwa umelegea upande mmoja.
Nikaukaza, mishono mipya juu ya ya zamani,
na ile penseli ya mlangoni
nimempa afanyie hesabu.